Ukikutana na nadharia za rangi, zisome hivi ukiwa na Biblia mezani

Binti yangu alirudi kutoka chuoni sikukuu ya Shukrani, na kabla hajavua koti akaniuliza: "Mama, sisi kanisani kwetu tunaamini nini kuhusu CRT?" Ni ile nadharia ya vyuo vya Marekani juu ya rangi na sheria. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimesimama jikoni nangoja maji yachemke. Nikamjibu kwamba sisi tunaamini Biblia. Akanitazama, akasema kwa upole, "Mama, sikuuliza hivyo." Kweli, hakuwa ameuliza hivyo.

Naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na kila Ijumaa jioni kikundi cha Biblia cha Kiswahili hukutana nyumbani kwangu: Wakenya, Watanzania wachache, Wakongo wengi, na familia mbili za Warundi. Tangu Mei 2020, George Floyd alipouawa chini ya goti la polisi kwenye makutano ya barabara ya 38 na Chicago, swali hili limekuja kikundini kwa sura nyingi. Wazazi wanaogopa kwamba watoto wanafundishwa dini nyingine huko vyuoni. Watoto wanaona wazazi wamefumba macho. Nitaeleza hapa namna tulivyojifunza kuzisoma nadharia hizi pamoja bila kugombana na bila kuiweka Biblia kando, ili na wewe mwenye kikundi, au mwenye mtoto chuoni, upate pa kuanzia.

Sikusomea theolojia. Mimi ni muuguzi msaidizi, nimelelewa Ngara, mkoa wa Kagera. Ngara nitaieleza mbele kidogo, kwa maana ndiko nilikojifunza kuiogopa nadharia ya rangi iliyovikwa aya za Biblia kuliko ile inayokuja bila aya yoyote.

Kwanza iandikeni kwa Kiswahili

Mtu akileta hoja, mwambie aiandike kwa sentensi moja ya Kiswahili, isiyo na neno hata moja la Kiingereza. Hili ni dogo lakini lina nguvu sana. Ijumaa moja kaka mmoja alisema, "CRT inasema wazungu wote ni waovu." Kijana wa chuo akamkatiza: "Hapana, inasema sheria inaweza kuwaumiza watu weusi hata kama aliyeitunga hana chuki nao." Walikuwa wameanza kupandishiana sauti. Nikachukua karatasi ya manila, nikaziandika sentensi zote mbili, nikaibandika kwenye friji. Wakanyamaza wakizisoma. Kila mtu aliona kwamba hizi ni hoja mbili tofauti, na unaweza kuikataa moja ukaikubali nyingine. Mithali 18:13 inasema, "Yeye ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake." Tuliusoma mstari huo palepale, na haukuwa na upande.

Hasa neno ubaguzi lina mtego. Kwetu ubaguzi ni tendo: mtu anambagua mtu, kwa kumnyima, kumdharau, kumfukuza. Maprofesa wa huku wanapotumia neno lao, mara nyingi wanamaanisha mpangilio unaoendelea kufanya kazi hata aliyeupanga akiwa amekufa zamani. Basi mzee akisikia kwamba Marekani imejaa ubaguzi, anasikia kwamba jirani yake anamchukia, naye anakataa, kwa sababu jirani yake mzungu ndiye aliyekuja na koleo kumwondolea theluji mlangoni mwaka aliovunjika nyonga. Mzee anasema kweli. Na kijana naye anasema kweli. Wapeni nafasi wagundue kwamba wanazungumzia vitu viwili.

Historia yenyewe iseme kwa ufupi tu. CRT, yaani uhakiki wa rangi katika sheria, ilianza miongoni mwa wanasheria miaka ya 1970 na 1980. Mmoja wa waanzilishi wake ni Derrick Bell, aliyefundisha Harvard. Walikuwa na swali moja: sheria za haki za raia zilipitishwa mwaka 1964 na miaka iliyofuata, sasa kwa nini pengo limebaki? Julai 1989 walikutana Madison, Wisconsin, jimbo jirani na letu, na hapo jina likashika. Mambo mengi yanayoitwa CRT kwenye televisheni wao hawakuyasema, na mengine yamesemwa na watu waliokuja baadaye sana. Ndiyo maana nakuambia uulize: nani kasema, na kasema nini?

Safu nne

Mkishaipata sentensi, chora safu nne kwenye karatasi. Ya kwanza: huyu mtu ameona nini? Ya pili: anasema kimesababishwa na nini? Ya tatu: anatufundisha nini juu ya mwanadamu mwenyewe, yaani ni nani, ana hatia gani, anaweza kubadilika? Ya nne: anapendekeza dawa gani? Hatari nyingi hukaa safu ya tatu na ya nne. Makosa ya Wakristo wengi niliowasikia ni kwamba wanaona jambo baya safu ya tatu, wanaichana karatasi nzima pamoja na kilichoonwa safu ya kwanza. Vijana nao hufanya kinyume: wanashawishika na ya kwanza, wanameza zote nne kwa mkupuo mmoja.

Tulijaribu kwa Kimberlé Crenshaw, profesa wa sheria. Mwaka 1976 mahakama ya Missouri iliamua kesi ya wanawake watano weusi walioishtaki kampuni ya General Motors. Kampuni ilikuwa imeajiri wanawake, lakini wale wa miaka ya mwanzo walikuwa weupe. Iliajiri pia watu weusi. Lakini kabla ya 1964 haikuwa imeajiri mwanamke mweusi, na punguzo la wafanyakazi lilipokuja kwa kanuni ya kwamba wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka, wanawake weusi ndio walioondoka. Mahakama ikasema wanaweza kudai kama wanawake, au kama watu weusi, lakini si kwa kuunganisha yote mawili. Mwaka 1989 Crenshaw aliandika kwamba mwanamke huyu amesimama njia panda, gari linaweza kumgonga kutoka huku au kutoka kule, na sheria inamwambia achague barabara moja.

Nikawauliza: hapa safu ya kwanza kuna nini cha kumwogopesha Mkristo? Kimya. Kisha mama mmoja Mkenya, ambaye huwa haongei sana, akafungua Matendo 6 akasoma mstari wa kwanza: "palikuwa na manung'uniko ya Wayahudi wa Kiyunani juu ya Waebrania kwa sababu wajane wao walisahauliwa katika huduma ya kila siku." Akasema, wale wajane wa Kiebrania walikuwa wanapata posho. Hatusikii kwamba wanaume wa Kiyunani walikuwa na njaa. Walioachwa ni wale waliokuwa wajane na tena Wayunani. Njia panda hiyo hiyo.

Nimesoma sura hiyo tangu Jumapili za utotoni na sikuwahi kuiona hivyo. Tulikaa nayo saa nzima. Tazama mitume walichofanya. Hawakuwaambia wanung'unikaji kwamba wanaleta mgawanyiko kanisani. Hawakutangaza pia kwamba kila Mwebrania ana chuki moyoni. Andiko linasema walisahauliwa, halisemi ni kwa kusudi. Walibadili mpangilio: wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema, waliojawa na Roho na hekima, na ukiyasoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni ya Kiyunani. Upande uliosahauliwa ulikabidhiwa kugawa chakula cha wote. Na mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea. Kwa hiyo wazo kwamba utaratibu unaweza kumwonea mtu pasipo mtu kumchukia halikutoka chuo kikuu. Isaya naye alishalisema: "Ole wao wawekao amri zisizo za haki." Amri zenyewe zinaweza kuwa dhambi iliyoandikwa.

Kwa Derrick Bell mambo yalikuwa magumu zaidi, na ni vizuri, kwa maana hapo ndipo unapojifunza kukata. Mwaka 1980 aliandika kwamba hukumu ya 1954 iliyokataza shule za kutenganisha rangi ilipatikana kwa sababu wakati ule ilikuwa na faida kwa weupe pia, katika mashindano ya Marekani na Wasovieti mbele ya macho ya dunia. Hilo ni dai la historia. Linapimwa kwa nyaraka, na nyaraka zipo: serikali yenyewe, katika maandishi yake kwa mahakama Desemba 1952, ilisema ubaguzi unaichafulia nchi jina nje. Mkristo anayeamini Yeremia 17, kwamba moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, hashangai kusikia kwamba watu hutenda haki haki inapowafaa.

Lakini baadaye Bell alifundisha kwamba ubaguzi wa rangi Marekani ni wa kudumu, hautakwisha. Hapo tumefika safu ya tatu, na hapo mimi nasimama. Namheshimu kwa kuujua uzito wa dhambi kuliko wahubiri wengi wanaosema tushikane mikono tu. Ila Waefeso 2:14 inasema Kristo "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga." Kiambaza hicho kilikuwepo kweli. Katika hekalu la Yerusalemu palikuwa na ukuta mfupi wenye maandishi ya Kiyunani yakimwonya mtu wa mataifa kwamba akivuka atakufa. Jiwe moja lenye maandishi hayo lilipatikana mwaka 1871, nalo limehifadhiwa Istanbul. Paulo alikamatwa hekaluni kwa kushukiwa kwamba amempitisha Trofimo Mwefeso ndani. Soma Matendo 21. Alipoandika kwamba ukuta umebomolewa, jiwe lilikuwa bado limesimama Yerusalemu na yeye mwenyewe amefungwa kwa sababu yake. Hakusema ukuta haupo. Hakusema utadumu. Katika mambo yote tuliyosoma, hilo ndilo lililonisaidia zaidi kumjibu binti yangu.

Hati ya nyumba yangu

Usiwaache watu wakibishana hewani. Tafuta kitu kimoja cha mahali mnapoishi, kishikeni kwa mikono.

Nyumba yangu iko kusini mwa Minneapolis, ilijengwa 1926. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi uitwao Mapping Prejudice, ulioanza 2016, wa kuchambua hati za zamani za nyumba na viwanja. Hati ya kwanza ya namna hiyo waliyoipata Minneapolis ni ya 1910, ikikataza kiwanja kuuzwa au kupangishwa kwa mtu wa damu au asili ya Kichina, Kijapani, Kimoori, Kituruki, ya watu weusi, ya Kimongolia au ya Kiafrika. Wamepata maelfu ya hati kama hizo. Nikaitafuta ya kwangu.

Niliichapisha kazini, nikaileta kikundini. Ni karatasi ya kawaida kabisa: vipimo vya kiwanja, miti ya mpakani, umbali wa nyumba na barabara, gharama ya chini ya jengo. Kisha, kati ya sharti la uzio na sharti la kibanda cha gari, mstari mmoja unasema nyumba hii isiuzwe wala kukaliwa na mtu asiye mweupe. Imepigwa chapa kwa wino uleule, haina herufi kubwa, haina ukali. Mzee mmoja aliushika ule ukurasa karibu na taa, akaweka kidole kwenye mstari, akaniuliza, "Na wewe unalala humu?" Nikamwambia, "Ndiyo, mzee, chumba kile pale."

Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1948 kwamba masharti hayo hayawezi kusimamiwa na mahakama. Minnesota ilikataza mapya mwaka 1953. Sheria ya nchi nzima ya makazi ilikuja 1968. Lakini huku watu wengi hurithisha watoto wao kupitia nyumba. Aliyeruhusiwa kununua 1926 alimwachia mwanawe nyumba, mwana akakopa kwa dhamana ya hiyo nyumba akamsomesha mjukuu. Aliyekatazwa alilipa kodi ya pango miaka yote hiyo. Leo katika mji huu pengo la kumiliki nyumba kati ya weupe na weusi ni miongoni mwa makubwa zaidi nchini. Safu ya kwanza na ya pili zilijaa zenyewe, pasipo profesa, na yule kaka wa sentensi ya kwanza ndiye aliyeandika.

Basi nani ana hatia? Hapa ndipo kikundi kinapoweza kupasuka, kwa hiyo nendeni taratibu, someni maandiko mawili kwa pamoja. Ezekieli 18:20: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Na Danieli 9, ambapo Danieli, mtu asiyelaumiwa kwa lolote, anaomba akisema tumefanya dhambi, sisi na wafalme wetu na baba zetu. Ukishika Ezekieli peke yake utasema yaliyopita yamepita. Ukishika Danieli peke yake utaanza kuwahukumu watu kwa ngozi waliyozaliwa nayo. Ninavyoelewa mimi, Mungu hamhesabii mtu hatia ya babu yake, lakini mwana wa agano anaweza kuisema dhambi ya nyumba yake kwa jina lake, bila kujitetea, na kushughulika na madhara yake. Zakayo alirudisha mara nne alichonyang'anya yeye mwenyewe. Aliyerithi kilichonyang'anywa na mwingine hana deni la Zakayo, ila hawezi kusema hajui kilikotoka. Wako wanaofundisha siku hizi kwamba dawa ya ubaguzi wa jana ni ubaguzi wa leo. Hiyo safu ya nne naikataa kwa Walawi 19:15: usimpendelee maskini, wala kumstahi mwenye nguvu. Mstari mmoja, pande zote mbili. Lakini ukiutumia kukataa marekebisho yoyote, basi na Matendo 6 uifute.

Pimeni na miwani yenu

Hatua hii usiiruke, hata kama ni chungu. Watu hudhani wana Biblia tupu na wenzao ndio wenye nadharia.

Aprili 1994 nilikuwa na miaka 12. Tangu tarehe 28 hadi 29 ya mwezi ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia kwetu Ngara ndani ya saa 24. Wengi walikuwa Wahutu wanaokimbia vita, na wauaji wa Watutsi walikuwa wamo humo humo. Waliouawa walikuwa wakipita chini ya daraja, ndani ya Mto Kagera. Baba yangu, mwinjilisti, alikwenda na sufuria za uji. Alirudi usiku, akakaa kwenye kigoda nje, hakula. Mama alipomuuliza, alisema neno moja tu: "Wamebeba Biblia na rozari."

Nilikuwa mtu mzima nilipojua wazo lililoleta mauaji yale lilitoka wapi. Mwaka 1863 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa nchi zetu za maziwa ni wageni waliotoka Ethiopia, bora kuliko Waafrika waliowakuta, na waliomfuata wakawaita wazao wa Hamu. Alitegemea hasa kuwatazama sura. Wamisionari wakalipokea. Wabelgiji wakalitia kwenye vitambulisho miaka ya 1930, Mhutu, Mtutsi, Mtwa, na Askofu Léon Classe akawatetea Watutsi kama watawala wa asili. Kisha likageuzwa upanga wa upande wa pili: kama ni wageni, warudi kwao. Tarehe 22 Novemba 1992, Léon Mugesera alihutubia Kabaya, akisema Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Maji ya Nyabarongo ndiyo yanayoingia Kagera. Wale niliowaona chini ya daraja walikuwa wamepitishwa njia iliyotajwa kwenye hotuba ile.

Sasa fungua Mwanzo 9:25 usome kwa sauti. "Na alaaniwe Kanaani." Si Hamu. Wala hakuna neno lolote juu ya ngozi. Katika Mwanzo 10:6 wana wa Hamu ni Kushi, Misri, Putu na Kanaani. Laana imemtaja mmoja. Wenye watumwa Marekani walimfanya Hamu kuwa baba wa weusi waliolaaniwa. Waliomfuata Speke wakamfanya baba wa watawala. Mtoto yuleyule wa Nuhu amebebeshwa nadharia mbili zinazopingana, na zote mbili zimehubiriwa madhabahuni. Kinyume chake Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, mwaka 1854 alisimama kuwapinga wasomi waliodai kwamba mbari zina asili mbalimbali, akatetea umoja wa wanadamu wote. Matendo 17:26 inasema hivyohivyo: Mungu "alifanya kila taifa la wanadamu kutoka katika mmoja." Katika ubishi ule, wapima mafuvu wa vyuoni ndio walioliacha andiko.

Zoezi ni hili. Kila mtu aandike sentensi moja aliyoisikia nyumbani kwao utotoni juu ya watu wa asili nyingine, akianza na "Hao kwa asili yao..." Usitaje jina kwenye karatasi. Changanya, zisomwe moja moja, na kila moja iulizwe imeandikwa wapi katika Biblia. Kikundini kwetu tuna mama Mnyamulenge na mama Mbembe, wote kutoka Kivu Kusini. Niliogopa. Karatasi mbili zilizosomwa zilihusu watu wao. Hawakukumbatiana wala nini. Walikaa kimya, na mama Mnyamulenge akasema kwamba hata huku, kwenye simu za watu, anaitwa wa Ethiopia.

Karatasi nyingi kuliko zote zilisema jambo moja: kwamba Wamarekani weusi ni wavivu na wamepewa kila kitu. Tumelisema sana sisi tuliokuja, wengine wetu mbele ya watoto. Lile nalo ni nadharia ya rangi. Limeona kitu, likatoa sababu, likatangaza tabia ya watu kwa kuzaliwa kwao. Nililichora kwenye safu nne, na safu ya tatu ikaonekana wazi kuliko ya profesa yeyote. Hati yangu ilipokataza wasio weupe, ilimkataza na Mtanzania. Na walioingia mahakamani na barabarani mpaka mstari ule ukawa karatasi tu ni hao hao tunaowasema. Tuliomba toba kwa hilo usiku ule, kwa majina yetu.

Kuhusu neno chombo

Utakutana na Mkristo anayesema nadharia hizi ni chombo tu, zitumike chini ya Maandiko. Wabatisti wa Kusini walipitisha azimio la namna hiyo 2019, na mwaka uliofuata wakuu wa seminari zao sita wakatangaza kwamba kuikubali CRT hakupatani na ungamo lao. Wachungaji weusi kadhaa wakaondoka. Ukumbuke kwamba ushirika huo ulianzishwa 1845 kwa ajili ya kugombania wamisionari wenye watumwa, na uliomba radhi 1995. Mimi neno chombo silipendi sana. Panga ni chombo, na miwani ni chombo, lakini miwani huisahau ukiwa umeivaa. Ndiyo maana napenda safu nne: zinakulazimisha uivue na uiangalie. "Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema," Paulo anasema. Kujaribu kunachukua Ijumaa nyingi.

Ukitaka kuanza, anza na watu wasiozidi kumi na wawili. Wazee na vijana wakae wamechanganyika, si upande huu na ule. Sentensi moja kwa jioni moja, isizidi. Asiyesoma andiko la asili asilihukumu. Tulimpa kijana mmoja kazi ya kusoma kurasa chache na kutusimulia kwa Kiswahili, na mzee mmoja kazi ya kuleta maandiko mawili yanayovutana, si moja. Anayeanza kulia apewe maji na aachwe alie.

Binti yangu alirudi tena Desemba. Jimbo hili, tangu 2019, linamruhusu mwenye nyumba kujaza fomu ya kulikana sharti la rangi kwenye hati yake. Tuliijaza pamoja, nikaipeleka kwenye kumbukumbu za ardhi za kaunti. Mstari wa zamani haufutwi. Unabaki palepale ulipo, na tamko lako linawekwa kwenye kumbukumbu pamoja nao, atakayetafuta avikute vyote viwili. Binti yangu ndiye aliyebandika nakala zote mbili kwenye friji, chini ya ile karatasi ya manila. Ijumaa hii tunasoma Wagalatia 2, Paulo akimkemea Petro mbele ya wote kwa kuihama meza ya watu wa mataifa. Yeye ndiye atakayeongoza, na amewaomba mama Mnyamulenge na mama Mbembe wapike.